Mwenyekiti wa Klabu Akija Shuleni

Mabishano yalianzia kwa kinyozi hapa Khayega, jioni moja ambapo Ingwe walikuwa wamechapwa tena. Shule moja ya karibu ilikuwa inatafuta mtu wa kusimamia michezo yake yote, na kama kawaida habari zilifika kwa kinyozi kabla hazijafika kwa wazazi. Jamaa mmoja aliyekuwa ananyolewa akasema, bila kugeuza kichwa, "Wachukue mtu ameendesha klabu. Hawa walimu wa michezo ni wa kupuliza filimbi tu."

Sote tukakubali. Mimi pia. Klabu ina mkataba, ina basi, ina sponsa. Shule ina mipira miwili, na mmoja umepasuka. Ukisikia mtu aliwahi kuwa mwenyekiti au meneja wa timu ya ligi kuu, unaona suluhisho limeshuka kwenye matatu na mkoba mkononi.

Sasa hivi sikubali tena, angalau si kirahisi hivyo. Na sijabadilisha mawazo kwa sababu nawachukia wakubwa wa mpira. Nimebadilisha baada ya kurudi nyuma na kuangalia nani hasa alijenga michezo ya nchi hii, na nani aliila.

Mukumu, kama hujawahi kufika, iko hapa hapa Khayega, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega, kabla hujafika kwa lile jiwe la Ilesi linalolia. Wamishonari wa Mill Hill walijenga hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Leo ukishuka stejini utakuta kanisa, hospitali, shule ya wavulana na shule ya wasichana. Wengi wenu jina hili mlilisikia kwenye habari za Aprili 2023, shule ya wasichana ilipofungwa baada ya ugonjwa kuua wanafunzi. Sisi wa hapa tulikuwa tunalijua kwa sababu nyingine: voliboli. Mukumu Girls wamekuwa mabingwa wa taifa wa shule za sekondari zaidi ya mara moja, na kwa miaka mingi ukitaja voliboli ya wasichana Kenya huwezi kuwaruka. Timu hiyo haina mwenye hisa. Haina mashabiki wa kulipa tiketi. Kila mwaka kidato cha nne kinaondoka na wachezaji wake bora, na hakuna senti inayorudi. Kwa hesabu za klabu, hiyo ni biashara ya hasara. Lakini imedumu kuliko klabu nyingi za mpira zilizoanzishwa na kufa tukiziangalia.

Wamarekani wanalijua swali letu vizuri kuliko sisi, kwa sababu kwao lina pesa. Kila chuo kikuu kikubwa kina mkurugenzi wa michezo. Huyu ni bosi wa kila kitu: kuogelea, mbio, vikapu, voliboli, na ule mpira wao wa kuvaa helmeti, ambao ndio unaolipia michezo mingine mingi. Pesa za televisheni zilipozidi kuwa nyingi, vyuo vilianza kuangalia nje ya uwalimu na ukocha, kwa watu wa kampuni na wa ligi za kulipwa.

Chukua mwaka mmoja tu, 2010. Chuo cha West Virginia kilimchukua Oliver Luck. Huyu hakuwa mgeni wa mpira. Alikuwa amechezea chuo hicho hicho, kisha Houston Oilers kwenye ligi ya kulipwa, kisha akaongoza NFL Europe. Baadaye akawa rais wa Houston Dynamo, klabu ya soka, hii yetu ya kupiga kwa mguu, ambayo ilichukua ubingwa wa Marekani 2006 na 2007. Mwaka huo huo wa 2010 chuo cha Michigan kilimchukua Dave Brandon, aliyekuwa mkubwa wa kampuni ya piza ya Domino's na ambaye pia alikuwa mwanafunzi na mchezaji wa chuo hicho ujanani. Watu wawili, wote watoto wa nyumbani, wote wametoka kwenye biashara.

Luck alifanya kile mtu wa klabu anajua kufanya. Aliruhusu bia iuzwe uwanjani kuanzia 2011. Alikitoa chuo kwenye ligi ya Big East akakipeleka Big 12 mwaka 2012, na ili kiachiliwe chuo kikakubali kulipa dola milioni 20. Kwa pesa, ilikuwa hatua ya akili, maana Big East ilikuwa inabomoka na mwenye kuchelewa angebaki nje. Lakini angalia ramani. Mpinzani wa karibu zaidi kwenye ligi hiyo mpya alikuwa kule Iowa, zaidi ya kilomita 1,000. Timu ya mpira mkubwa inapanda ndege, inacheza mara moja kwa wiki, basi. Msichana wa voliboli, ambaye mchezo wake hauleti pesa, naye anasafiri umbali huo huo, na Jumatatu ana darasa. Luck aliondoka mwishoni mwa 2014 akapanda cheo kwenye chama kikuu cha michezo ya vyuo. Wengi bado wanamhesabu kuwa alifanikiwa.

Brandon hakupanda. Bei za tiketi za wanafunzi zilikuwa zimepanda, matokeo uwanjani yalikuwa mabaya, kisha Septemba 2014 mchezaji aliyeonekana ameumia kichwa akarudishwa uwanjani. Wanafunzi waliandamana, maelfu wakasaini ombi aondolewe. Oktoba 31, 2014 alijiuzulu. Hakufukuzwa na soko. Waliomtikisa ni watu aliokuwa amewahesabu kuwa wateja, kumbe walikuwa wanafunzi.

Kwa hiyo jibu la Marekani ni "inategemea". Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu linaacha swali muhimu: inategemea nini? Hapo ndipo ikabidi nirudi nyumbani.

Mpira ulikuja huku magharibi mwa Kenya na misheni. Wakwekeri walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wakaja hapa Mukumu, Waanglikana wakawa Maseno na Butere. Shule zikajengwa, na kila shule ikawa na uwanja. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Edward Carey Francis, mwanahisabati aliyeacha kufundisha Cambridge akaja kuwa mwalimu mkuu wa Maseno mwaka 1928, halafu Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Mzungu huyo alipenda mpira sana, na aliuhesabu kuwa sehemu ya kumlea kijana, sawa na darasa na kanisa.

Nisikudanganye kwamba nia ilikuwa safi yote. Mkoloni alitaka vijana watiifu, makarani wanaofika kwa wakati na kutii filimbi. Mpira ulikuwa njia moja ya kuwafunza hivyo. Lakini pamoja na ubaya huo, kulikuwa na jambo moja ambalo lilikaa: anayesimamia mpira wa shule alikuwa mtu yule yule anayejua alama zako za hesabu. Alijua baba yako ni nani na karo imelipwa au bado. Hakuna mtu alidhani kijana wa Maseno angekula kwa mpira, maana kazi hiyo haikuwepo.

Kisha uhuru, na Nairobi. Mwaka 1964 timu ndogo ndogo za Waluhya wa mjini, kila moja na jina la kwao, ziliungana kuwa Abaluhya United. Mwaka 1980 ikabadilishwa jina kuwa AFC Leopards, wakati klabu zilipotakiwa kuacha majina ya kikabila. Isukuti zikahamia viwanjani. Klabu ikachukua Kombe la Klabu la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Ukiuliza wazee wa hapa, watakutajia wale wachezaji kama wanataja watoto wao.

Na wachezaji wengi walitoka wapi? Shuleni. Kakamega High walikuwa na Green Commandos, timu ambayo miaka ya 1980 chini ya Chris Makokha ilifanya wavulana wa sare za shule waogopwe nchi nzima. Hapa jirani kuna Musingu, wale Scorpions. Kulikuwa na foleni ya vipaji kutoka huku hadi Nairobi, na wenye klabu walikuwa wanasubiri tu mwisho wa foleni.

Hapa ndipo historia yetu inatofautiana na ya Marekani. Kule, mtu wa klabu alienda chuoni kuwasaidia kutafuta pesa. Kwetu mwendo ulikuwa upande mmoja: shule zinatoa, klabu zinachukua. Hata watu walifuata njia hiyo. Kenneth Matiba alikuwa katibu mkuu wa kwanza Mwafrika wa Wizara ya Elimu, 1963. Baadaye akaenda kuwa mkubwa wa Kenya Breweries, na katikati ya miaka ya 1970 akawa mwenyekiti wa shirikisho la mpira. Kutoka elimu hadi bia hadi mpira. Baadaye kabisa akamiliki shule za Hillcrest, lakini hizo si shule ambazo mtoto wa Khayega angeota kusoma.

Sasa linganisha watu watatu ambao Ingwe iliwapa jina. Joe Kadenge, mtoto wa Vihiga, huenda ndiye mchezaji maarufu zaidi kuwahi kutokea Kenya. Leonard Mambo Mbotela alilifanya jina lake kuwa msemo wa taifa kwenye redio. Baada ya mpira, Kadenge aliendesha teksi Nairobi, na miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki Julai 2019, ilikuwa ya maradhi na ahadi za wakubwa. J.J. Masiga, mshambuliaji wa miaka ya 1980, alikuwa anasomea udaktari wa meno Chuo Kikuu cha Nairobi huku akifunga mabao. Akawa daktari. Dan Shikanda naye alicheza Ingwe, akawa daktari, kisha mwaka 2019 akarudi kuwa mwenyekiti wa klabu hiyo hiyo.

Sisemi Kadenge alikosea. Wakati wake milango ilikuwa michache. Ninasema tu kwamba kati ya hawa watatu, kilichowaokoa wawili hakikutoka kwenye ofisi ya klabu. Kilitoka darasani. Klabu iliwapa wote makofi, na makofi hayalipi hospitali.

Na hao waliokuwa kwenye ofisi walikuwa wanafanya nini? Wacha tuhesabu haraka. FIFA ilitufungia 2004. Ikatufungia tena 2006. Ingwe wenyewe, mabingwa wa enzi hizo, walishuka daraja katikati ya miaka hiyo ya 2000 na kurejea ligi kuu 2009. Novemba 2021 serikali ikavunja shirikisho la mpira kwa madai ya pesa, na Februari 2022 FIFA ikatufungia mara nyingine hadi Novemba. Kati ya kuvunjwa na kufungiwa, Harambee Starlets waliondolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Afrika, wakati walikuwa wamebakiza kukutana na Uganda tu. Wasichana waliokuwa wamefanya mazoezi waliambiwa warudi nyumbani. Wengi wa wachezaji wa mpira wa wasichana nchini wametoka kwenye shule za huku magharibi na Bonde la Ufa. Wakubwa walikosana, mabinti wakalipa.

Kuna hesabu nyingine ambayo inauma kimya kimya. Mwaka 2013 Victor Wanyama alitoka Celtic kwenda Southampton kwa pauni milioni 12.5. Kanuni za FIFA zinasema asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Asilimia 5 ya pesa hiyo ni pauni 625,000. Soma kanuni tena: klabu. Wanyama alisoma Kamukunji High, Nairobi. Mwalimu aliyemfungulia mtoto kama huyo geti la uwanja saa kumi na moja jioni, akamwombea ruhusa, akatoa nauli mfukoni, hayumo kwenye kanuni. Mfumo mzima wa mpira wa kulipwa umeandikwa kama vile shule haipo.

Sasa nirudi kwa yale yangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo sijifanyi msomi. Lakini sekondari nilimaliza, na pale shuleni kwetu, ambapo sitapataja, niliona jaribio hili kwa macho.

Tulikuwa na mwalimu wa michezo aliyefundisha pia Kiswahili. Kocha wa wastani. Mazoezi yake yalikuwa yale yale kila Jumanne. Lakini alikuwa na daftari moja la kurasa 96, jalada la samawati, ambalo lilikuwa na majina ya kila mchezaji wa kila timu. Mbele ya jina aliandika salio la karo na alama za muhula uliopita. Alitumia daftari hilo kwenda ofisini kwa mkuu wa shule kuombea watu wapunguziwe karo. Rafiki yangu wa dawati, nitamwita Nambari Tatu kwa sababu alicheza beki ya kushoto, alikaa shuleni miaka miwili kwa sababu ya daftari hilo.

Tulipofika kidato cha tatu, shule ikaamua kuwa serious. Akaletwa mtu aliyewahi kuwa ofisa wa klabu. Na nikuambie ukweli, tulimpenda. Alikuja na jezi mpya, seti mbili. Alikuja na maji ya chupa. Alituongelesha kama watu wazima, akatuambia kuhusu mfumo na nidhamu ya kula. Mwalimu wa Kiswahili akarudi kwa Kiswahili chake.

Muhula wa pili, muhula wa michezo, wakaja wanafunzi wapya wanne ambao hawakuwa na vitabu. Kila mtu Kenya anawajua watu hawa: mamluki. Mmoja alikuwa beki wa kushoto mwenye ndevu. Alikuwa mzuri, siwezi kubisha. Tulifika mbali kuliko shule yetu ilivyowahi kufika, na siku ile tulishangilia hadi sauti zikakauka. Nambari Tatu alishangilia akiwa kwenye benchi, halafu hata benchi akakosa.

Na kwa kuwa hakuwa tena kwenye timu, hakuwa tena kwenye orodha ya kupunguziwa karo. Yule meneja hakufanya ubaya wa makusudi. Hakumtukana, hakumfukuza. Alikuwa na faili nzuri iliyochapishwa kwa kompyuta, na kwenye faili kulikuwa na matokeo, bajeti, na barua za wafadhili. Haikuwa na safu ya karo. Muhula wa tatu Nambari Tatu alitumwa nyumbani kuleta pesa. Hakurudi. Mwaka uliofuata meneja alipata kazi kwingine, mamluki wakapotea kama walivyokuja, na timu ikatolewa mechi ya kwanza.

Nimefikiria sana kuhusu hilo daftari na hiyo faili. Mtu wa klabu amefunzwa kujibu swali moja: Jumamosi tulishinda? Akishindwa mara tano mfululizo, mashabiki wanamfukuza na sponsa anaondoka. Hivyo mchezaji dhaifu lazima atolewe, na mzuri lazima anunuliwe. Hiyo si roho mbaya, ndiyo kazi yenyewe. Lakini shuleni mchezaji dhaifu bado ni mwanafunzi. Huwezi kumuuza. Ukimtoa, hajaenda klabu nyingine, ameenda stejini kutafuta pikipiki.

Najua utaniambia, "Lakini walimu nao?" Ni kweli. Mamluki hawakuletwa na watu wa klabu peke yao. Kuna walimu waliobadilisha vyeti vya kuzaliwa, na mashindano ya shule yamejaa kesi za umri tangu zamani. Pia mwalimu wa michezo wa kawaida hapa Kenya ana somo lake, ana madaftari ya kusahihisha, na michezo anapewa kama mzigo wa ziada. Hajui kuandika pendekezo la ufadhili. Hajui bima. Mchezaji akivunjika mguu, anatafuta gari la mzazi. Kwa mambo hayo, mtu aliyeendesha klabu anamshinda, na ni ujinga kukataa msaada wake.

Tena kuna mtu aliyeunganisha haya mawili. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada, alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA. Ligi ya watoto, lakini yenye masharti: timu ilipata pointi za ligi kwa kuzoa takataka mtaani, si kwa mabao peke yake. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Munro alikuwa mwenyekiti wa klabu ya ligi kuu, kwa hiyo huwezi kusema mtu wa klabu hawezi kulea. Ila angalia mpangilio. Watoto walikuja kwanza, klabu ikafuata miaka saba baadaye. Klabu ilikuwa tunda la ile kazi, na watoto hawakuwa malighafi yake.

Na kuna mtu upande wa pili kabisa. Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia St. Patrick's, Iten. Hakuwa kocha wa riadha. Hakuwa amesomea. Alijifunza kwa kuwaangalia vijana wakikimbia. Kutoka mikononi mwake akatoka Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, na baadaye David Rudisha, aliyeshinda mita 800 London 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Sidhani ofisa yeyote wa shirikisho letu la michezo ana faili ya kushinda hiyo. Siri haikuwa ufundi peke yake. Alikaa. Watu wa klabu wanahama kila mkataba ukiisha. Yeye alizeeka pale pale, akiwajua waliofaulu na walioishia kulima.

Kwa hiyo, mtu aliyeendesha klabu anafaa kuwa mkuu wa michezo wa shule au chuo? Jibu langu ni hili: anafaa kuwa mhasibu wake, mtafutaji wa wafadhili wake, hata naibu wake. Kuwa mkuu, anafaa tu ikiwa atakubali kupimwa kwa kipimo kingine, na ikiwa kuna mtu wa kumpima. Luck na Brandon walikuwa na bodi na wanafunzi wenye sauti, na bado mmoja alianguka. Kwetu bodi ya shule inakutana, inakunywa chai, inaangalia kombe mezani, inapiga makofi. Hapo hata malaika wa klabu ataharibika.

Kama ningekuwa kwenye bodi ile, ningemuuliza mwombaji mambo matatu. Kwanza: ule mchezo wako usioleta pesa wala kombe, utaufanyia nini? Pili: mwanafunzi akitolewa kwenye timu, ni nani atajua karo yake imefika wapi? Tatu: nitajie mchezaji wako mmoja aliyeacha kucheza, na uniambie leo yuko wapi. Akijibu la tatu bila kufikiria, mpeni kazi, hata kama alikuwa mwenyekiti wa klabu. Akianza kunitajia makombe, mrudishie mkoba wake.

Juzi nilirudi kwa kinyozi nikawaeleza haya. Yule jamaa wa kwanza alicheka, akasema nimeongea kama mwalimu. Nambari Tatu alikuwa nje, amekaa juu ya pikipiki akingoja abiria wa kwenda hospitali Mukumu. Nikatoka nikamwambia nataka kuandika habari yake, lakini jina nitalificha.

"Andika tu, ndugu," akasema. "Lakini usiseme yule beki alikuwa ananishinda."

Nikamwambia tayari nimeandika kwamba alikuwa mzuri.

"Mzuri ni sawa," akasema, akiwasha pikipiki. "Alikuwa na miaka ishirini na tatu."

Yule mwalimu wa Kiswahili amestaafu. Nambari Tatu ananiambia wakikutana barabarani mzee humsimamisha, na kila mara humuuliza kama amefikiria kurudia mtihani.

"Bado anakumbuka salio langu," akaniambia. "Shilingi kwa senti."